Gladieta wa udongo, na kanuni ya kumwachilia aliyeanguka

Beni, Kivu Kaskazini. – Watoto wa familia kadhaa zilizohama makwao wamepata mchezo mpya wa mezani. Hauhitaji umeme, hauhitaji uwanja, na pesa inayotumika ni kidogo sana. Unataka udongo wa mfinyanzi, kipande cha katoni, maharagwe, dadu moja ya ludo na watu watano. Mchezo wenyewe ni pigano la gladieta, wale wapiganaji waliowekwa mbele ya umati katika miji ya Roma ya kale.

Aliyeuanzisha ni mwalimu mmoja wa historia wa shule ya sekondari. Yeye pia alikimbia kijiji chake, na sasa analala kwa ndugu yake pamoja na mke na watoto. Kuna wazazi walioufurahia mchezo huo tangu siku ya kwanza. Wengine waliuliza, na wana haki ya kuuliza: mtoto aliyekimbia mapanga apewe mchezo wa mapanga?

Swali hilo ndilo limeubadilisha mchezo. Lakini kwanza ieleweke unavyoanza.

Kwa nini gladieta, si majeshi

Michezo ya vinyago vya vita si jambo geni duniani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wadogo wa kuchezea sakafuni. Humo alisema wazi kwamba vita vidogo vya namna hiyo ni bora kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Hadi leo, Ulaya na Marekani, watu wazima hununua vinyago vya chuma laini au plastiki na kuvipaka rangi kwa brashi nyembamba sana. Vingi vina urefu wa karibu milimita 28. Wanaopenda vidogo zaidi huchukua vya milimita 15, na wengine hushuka hadi milimita 6.

Tatizo la vita vya mezani ni wingi. Jeshi moja linaweza kutaka vinyago mia na zaidi, na meza kubwa. Gladieta walipigana wawili wawili, kwa hiyo vinyago viwili vinatosha kuanza na uwanja ni duara tu. Mwaka 1977 Mmarekani Steve Jackson alitoa mchezo ulioitwa Melee wa watu wachache kupigana uwanjani. Ulikuwa kijitabu, karatasi ya uwanja na vipande vidogo vya karatasi badala ya vinyago. Mwalimu aliona picha za vinyago vya gladieta kwenye simu ya kijana wa jirani, akauliza bei, akacheka. Kesho yake akaenda mtoni kuchukua udongo.

Kutengeneza

Kinyago kimoja kina urefu wa sentimita mbili hadi tatu, na kinasimama juu ya kifuniko cha soda. Udongo usiwe na mchanga wala majimaji. Unapondwa, unatolewa mawe, unafinyangwa, kisha unaachwa kivulini siku tatu. Ukianikwa juani mara moja unapasuka. Mikono ifinyangwe ikiwa imebana mwili, kwa sababu mkono ulionyooshwa huvunjika siku ya kwanza. Mkuki ni njiti ya ufagio, inayochomekwa udongo ukiwa bado mbichi. Ngao ni kipande cha katoni. Bati la kopo liachwe, linakata vidole vya watoto.

Wavu unatoka kwenye mfuko wa vitunguu uliochakaa. Chandarua cha mbu kisiguswe, hata kama kina tundu. Mama mmoja alilisema hilo kwa ukali baada ya kuona mkasi mikononi mwa mwanawe, na tangu hapo imekuwa kanuni ya kwanza kabla ya zote.

Uwanja ni katoni iliyochorwa kwa kaa la moto lililozimika: miraba tisa kwa tisa, kila mraba upana wa kifuniko cha soda, na miraba mitatu ya kila pembe imefutwa ili uwanja ukaribie kuwa duara. Mvua ikinyesha, katoni inafichwa chini ya shitingi pamoja na vyombo.

Wapiganaji wanne wa kuanzia

Gladieta hawakuvaa sawa. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kupigana, na Waroma walipenda kukutanisha watu wasiofanana, ili mwenye mbio akutane na mwenye ngao. Mwalimu alichagua wanne.

Murmillo ana ngao kubwa ya kumfunika kuanzia bega hadi goti, na upanga mfupi ulionyooka, ule ulioitwa gladius, ambao ndio uliozaa jina gladieta. Ana kinga nzuri, lakini ni mzito. Thraex ana ngao ndogo na upanga uliopinda, unaoweza kuzunguka ukingo wa ngao ya mwenzake. Retiarius hana kofia wala ngao. Ana wavu, mkuki wa meno matatu na kisu. Secutor ndiye mfukuzaji wake. Kofia yake ni laini, ya mviringo, ili wavu usipate pa kunasa, na matundu ya macho ni madogo kiasi kwamba haoni vizuri na hapumui vizuri. Retiarius akiweza kumkimbiza muda mrefu, secutor anachoka mwenyewe.

Uchovu ndio moyo wa mchezo. Kila mpiganaji anaanza na maharagwe manane, ambayo ni pumzi yake. Kila zamu, wachezaji wawili wanaficha kwenye ngumi harage moja, mawili, matatu, au hakuna. Wanafungua pamoja. Aliyeficha mengi anatangulia. Wakilingana, dadu inaamua. Harage moja linanunua hatua moja ya mraba au pigo moja, na yaliyofunguliwa yote yamekwisha. Aliyefungua ngumi tupu hafanyi kitu, ila anapumzika na kurudishiwa maharagwe mawili, bila kuzidi manane.

Kupiga ni hivi: mpigaji anatupa dadu, mpigwaji anatupa yake na kuongeza ngao. Ngao kubwa inaongeza mbili. Ngao ya thraex na ya secutor inaongeza moja. Mpigaji akizidi, mwenzake anachorwa alama moja ya kaa. Thraex anapompiga murmillo, ngao kubwa inahesabiwa moja tu, kwa sababu ya ule upanga uliopinda. Murmillo hasogei zaidi ya mraba mmoja kwa zamu. Secutor akimfikia retiarius kwenye mraba wa jirani, anaongeza moja kwenye pigo lake. Retiarius anaweza kupiga akiwa miraba miwili mbali, na mara moja tu katika pigano anaweza kurusha wavu kwa umbali huohuo. Akipata tano au sita, mwenzake amenaswa: zamu inayofuata hachezi na ngao yake haihesabiwi.

Mtoto wa miaka tisa analishika jambo hili ndani ya jioni moja. Baada ya siku mbili anamfunga mwalimu, kwa sababu watoto wanajua kusoma ngumi ya mtu kuliko wakubwa.

Kidole juu

Alama ya tatu inamwangusha mpiganaji. Hapo hafi. Anainua kidole.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Roma. Gladieta aliyeshindwa kuendelea aliinua kidole, mwamuzi akasimamisha pigano, na uamuzi ukaenda kwa aliyelipia siku hiyo, naye akasikiliza umati. Kuachiliwa kuliitwa missio. Kaisari Augusto, yuleyule ambaye Injili ya Luka inasema aliamuru watu waandikishwe wakati wa kuzaliwa Yesu, alipiga marufuku mapigano yasiyo na nafasi ya kuachiliwa. Si kwamba alikuwa na huruma nyingi. Gladieta alikuwa mali ya mtu, alilishwa, alifunzwa na alitibiwa. Gaius, mwanasheria wa karne ya 2, aliandika mfano wa mkataba wa kukodisha gladieta: aliyerudi salama alihesabiwa dinari 20, aliyekufa au kulemaa dinari 1000.

Karibu na mji wa kale wa Efeso, ule wa barua ya Mtume Paulo, wachimbaji wa mambo ya kale walipata makaburi ya gladieta mwaka 1993, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Baadhi ya mifupa ilikuwa na majeraha yaliyokuwa yamepona vizuri. Mtu alipigwa, akaachiliwa, akatibiwa, akarudi uwanjani.

Mwalimu aliyaleta hayo mezani kwa kanuni mbili. Kwanza, wasiocheza ndio umati: kila mmoja anaficha ngumi, yenye punje ya mahindi ni kuachiliwa, ngumi tupu ni kukataa. Filamu hutumia kidole gumba, lakini watoto walikuwa wakiangaliana vidole na kumfuata mkubwa wao. Ngumi iliyofungwa haiigi mtu. Pili, mmoja wao ni mwandaaji, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Akikataa rehema, kinyago kinavunjwa, na yeye mwenyewe anafinyanga kingine kwa mikono yake: udongo, mkuki, ngao na siku tatu za kungoja.

Wiki ya kwanza vilivunjwa vinyago vingi. Wiki ya pili vichache.

Swali la mama

Mama mmoja, aliyehama na watoto watano, alikuja jioni kumchukua mwanawe na kukuta mviringo wa watoto wakipiga kelele juu ya aliyeanguka.

"Mwalimu," alisema, "vita si tulivikimbia? Sasa unavileta tena mezani?"

"Mama, keti kwanza uone mwisho wake," mwalimu akamjibu.

Alikaa kwa sababu mwanawe hakutaka kuondoka, si kwa sababu alikubali. Watoto, kwa heshima, wakampa nafasi ya mwandaaji. Mbele yake kilikuwa kinyago kimelala na alama tatu. Ngumi zilifunguliwa, punje mbili, tupu mbili. Wote wakamwangalia.

"Huyu anaitwa nani?" akauliza.

"Ni retiarius, Mama."

"Hiyo ni kazi waliyomlazimisha. Jina lake?"

Hakuwa na jina. Hakuna kinyago kilichokuwa na jina. Mama akasema hawezi kuamua juu ya mtu asiyejua anaitwa nani wala alitoka wapi. Akamwachilia, akamshika mwanawe mkono, wakaenda.

Kesho yake mwalimu alisimamisha mchezo. Alijua mama huyo alikuwa amegusa historia yenyewe. Wengi wa gladieta walikuwa mateka wa vita na watumwa. Walitolewa makwao kwa nguvu, kisha wakapewa mavazi na jina la silaha. Spartacus, aliyetoroka chuo cha gladieta cha Capua mwaka 73 kabla ya Kristo pamoja na wenzake wapatao 70 na kuanzisha uasi mkubwa, alikuwa mtu wa Thrace, mbali na Italia. Mwingine aliyeitwa Flamma alizikwa Sicilia, na jiwe la kaburi lake lilisomwa: secutor, aliishi miaka 30, alipigana mara 34, alishinda 21, alitoka sare 9, aliachiliwa 4. Mwisho wake limeandikwa taifa lake: Msiria. Jiwe hilo liliwekwa na mwenzake wa silaha. Kama umati ungekataa mara moja tu katika zile nne, mstari huo ungekuwa mfupi.

Lakini kumpa kila kinyago kijiji na kabila kulimwogopesha mwalimu. Katika sehemu hizi jina la kijiji au la kabila linaweza kuwasha moto hata katika mchezo wa watoto. Alijadiliana na wazazi watatu, yule mama akiwa mmoja wao. Walikubaliana mambo yafuatayo, na sasa yameandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mchezo:

Kila kinyago kina jina kabla ya kuingia uwanjani. Badala ya kabila, inatajwa kazi aliyokuwa akifanya kabla ya kukamatwa. Hakuna kinyago cha bunduki, wala chenye jina la kundi lolote la silaha au la mtu anayejulikana. Mtoto akitaka kuondoka mezani, anaondoka, na haulizwi sababu mbele ya wengine. Sare inaruhusiwa: zamu 15 zikipita na wote wamesimama, wote wanakwenda nyumbani.

Kazi kabla ya kukamatwa

Kanuni ya kazi ilionekana ndogo. Ndiyo iliyobadilisha meza.

Daftari linasomeka hivi sasa: mvuvi, mchunga mbuzi, fundi baiskeli, muuza makala, mpiga ngoma wa kanisa. Binti mmoja alimwandika secutor wake kuwa mkulima wa kakao. Baba yake alikuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni, kama wanaume wanavyosimama wakitazama mchezo wa watoto bila kutaka kuonekana wanautazama. Shamba lake la kakao liko upande ambao haendi tena. Binti alipokuwa akifinyanga, baba alimwambia mkulima wa kakao hashiki kisu hivyo, maana matunda ya juu yanavunwa kwa kisu cha mti mrefu. Akakaa. Akaeleza jinsi kokwa zinavyofunikwa kwa majani ya mgomba ili zichachuke, na siku ngapi zinaanikwa. Watoto waliosikiliza walikuwa saba. Pigano halikuchezwa jioni ile.

Yule mkulima wa kakao amekwisha kuanguka mara tatu, na mara tatu ameachiliwa. Si kwamba watoto wamekuwa malaika. Ngumi tupu bado zipo, na yuko kijana mmoja ambaye hufungua ngumi tupu karibu kila mara. Mwalimu hamkemei mbele ya watu. Anamwita pembeni siku nyingine, wanakwenda kuchimba udongo pamoja, na kinachozungumzwa huko kinabaki huko. Mwalimu anasema mchezo si dawa, na mtoto anayeshtuka usiku au asiyekula apelekwe kwa wahudumu wa afya, si mezani.

Wazazi wengine bado hawautaki, na watoto wao hawaitwi.

Kwa anayetaka kuanza

Ushauri wa mwalimu kwa familia zinazouliza ni mfupi. Aanze na vinyago viwili, murmillo na thraex, kwa sababu hawana kanuni nyingi. Retiarius na wavu wake wangoje wiki ya pili. Maharagwe ya kuchezea yawe yaleyale kila siku, yatiwe kwenye kopo lake, yasichanganyike na ya chakula. Katika nyumba nyingi maharagwe manane yana maana. Vikikosekana, vijiwe vinafaa. Awepo mkubwa mmoja mezani, si wa kuamua, bali wa kuangalia nyuso. Na daftari liandikwe kama jiwe la Flamma: jina, kazi, amepigana mara ngapi, ameshinda, ametoka sare, ameachiliwa. Watoto wanaoona uvivu kuandika shuleni wanaandika hilo kwa mwandiko mzuri.

Sasa watoto wanadai wanyama. Ni dai lenye mizizi, tena hapa Afrika. Nchini Tunisia kumesimama hadi leo uwanja mkubwa wa El Jem, uliojengwa kwa ajili ya watu wapatao 35 000. Katika nchi hiyohiyo, mahali paitwapo Smirat, ilipatikana picha ya sakafu ya karne ya 3, iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi. Inamsifu tajiri mmoja, Magerius, aliyelipia pigano la wawindaji na chui wanne. Wawindaji wameandikiwa majina yao. Chui nao wameandikiwa yao: Victor, Crispinus, Luxurius, Romanus.

Mwalimu alipowasomea hayo, yule mama wa swali la jina alikuwa amekaa akichambua mboga. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama chui naye atainua kidole. Watoto wamegawanyika. Kanuni bado haijaandikwa, lakini chui wa kwanza yuko kivulini anakauka, na tayari ana jina.